Kompyuta Iliyoona Haya Kusema Sijui

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hainitoki, na kila nikiikumbuka damu yangu inachemka kana kwamba mambo yenyewe yametokea jana. Usinione nimeketi hapa na miwani yangu, nazungumza polepole, ukadhani nimepoa. Sijapoa. Juzi tu nimesoma kazi ya kijana mmoja ninayemfundisha hapa Nyamasaria, nikakuta mstari uleule uliokaribia kumuua mtoto nilipokuwa na umri wako. Nilimwambia azime kompyuta aende nyumbani, maana ningefungua kinywa siku hiyo ningemtukana, na heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Leo nimetulia kidogo. Kaa, nikueleze.

Wakati huo nilikuwa msichana aliyetoka chuoni majuzi, nafanya kazi katika ofisi ndogo ya ghorofani pale Kondele, mjini Kisumu, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Tulikuwa tunatengeneza tovuti. Mwenye ofisi aliitwa Bwana Okeyo, mtu wa suti na maneno matamu, ambaye sikuwahi kumsikia akimwambia mteja kwamba jambo fulani haliwezekani. Mwandishi wa programu alikuwa Felix, kijana mwenye vidole vyepesi kuliko subira yake. Mimi kazi yangu ilikuwa sura ya kurasa: rangi, herufi, vitufe vya kubonyeza. Mambo ya ndani niliachiwa niyatazame kwa mbali.

Hospitali moja ya mjini ilitupa kazi. Ilikuwa imeweka kumbukumbu za wagonjwa wake kwenye hifadhidata, na ilitaka zahanati zake ndogo za ufukweni ziweze kuuliza swali moja tu kupitia intaneti: mgonjwa huyu, kuna dawa inayomkataa? Nesi anaandika namba ya kadi au jina, anabonyeza, ukurasa unamjibu. Ilikuwa kazi ya maana. Tulipoimaliza hospitali ilifurahi, na Bwana Okeyo akatununulia samaki na ugali, tukala palepale ofisini tukijisifu.

Basi asubuhi hiyo mlango ulisukumwa bila hodi. Aliingia mama wa makamo, amevaa gauni la kanisani, viatu vimejaa vumbi la safari. Alisema yeye ni Sista Auma, nesi wa zahanati ya Luanda Kotieno, na anamtaka mtu aliyetengeneza ule ukurasa wa dawa.

"Ni mimi, Sista," Felix alisema kwa tabasamu. "Karibu kiti. Kuna shida?"

Hakuketi. "Fungua hiyo kitu yako."

Felix akafungua.

"Andika Akoth Ong'ayo."

Akaandika, akabonyeza. Ukurasa ukajibu kwa zile herufi za kijani nilizozichagua mimi mwenyewe: *Mgonjwa hana mzio wa dawa yoyote.*

"Sasa andika jina lako wewe."

"Lakini Sista, mimi sijawahi kutibiwa huko. Siko kwa orodha yao."

"Andika!"

Akaandika. *Mgonjwa hana mzio wa dawa yoyote.*

"Andika mbuzi."

Felix alimwangalia Bwana Okeyo, aliyekuwa ametokeza kwenye mlango wa chumba chake. Felix akaandika mbuzi. *Mgonjwa hana mzio wa dawa yoyote.*

"Kumbe hata mbuzi iko sawa," alisema Sista Auma. "Hata mbuzi naweza dunga sindano, kompyuta yenu imenipa ruhusa."

Hapo ndipo alipotueleza kilichompata. Akoth alikuwa mtoto wa darasa la nne, aliyeletwa zahanati na nyanyake akiwa na homa kali na kidonda kilichooza mguuni. Kwa haraka nyanya alikuwa ameisahau kadi nyumbani. Lakini hakusahau kusema: kuna dawa moja ilimkataa mjukuu wangu kule Kisumu, ila jina lake sikumbuki. Sista Auma akafanya alichofundishwa. Akaandika jina la mtoto kwenye ukurasa, akabonyeza, akasoma zile herufi za kijani.

"Nikamwambia huyo nyanya, usiogope, kompyuta imesema hana," Sista Auma alisema. "Akaniuliza mara ya pili, una hakika, Sista? Nikasema niko na hakika. Nikamdunga penisilini. Mtoto akavimba uso, midomo, koo, akaanza kutafuta pumzi mikononi mwangu. Nilikuwa na adrenalini kidogo tu kwa kabati, ile sindano ya kumwokoa. Ingekuwa imeisha, leo ningekuwa matangani. Mnaelewa? Nilimwamini huyu kijana wenu kuliko nyanya wa mtoto!"

Mtoto alikuwa amepona, Nyasaye asifiwe, lakini Sista Auma alikuwa amesimamishwa kazi. Kumbukumbu za hospitali zilionyesha wazi kwamba penisilini ilimkataa Akoth. Kwa hiyo wakubwa walisema nesi hakuangalia. Yeye akasema aliangalia, nao wakaamini kwamba anajitetea.

Felix alikuwa amekwisha kuchungulia ndani ya skripti yake, yale maagizo aliyoiandikia kompyuta. "Aa, nimeona," alisema, kama mtu aliyepata funguo zilizopotea. "Ni hiyo ng' kwa jina. Ile alama ndogo imevunja swali."

Nilidhani Sista Auma angempiga kofi. "Hapa Kisumu?" alisema. "Ufukwe wote huu watu wako na ng' kwa majina, na wewe hukujua? Wewe ni mtoto wa wapi?"

Mimi mwenyewe naitwa Achieng', mwanangu. Nilihisi kana kwamba nimepigwa mimi.

Acha nikueleze kosa lenyewe, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo. Felix alikuwa akichukua jina analoandika nesi na kulibandika vivyo hivyo ndani ya swali linalokwenda kwenye hifadhidata. Ile ritifaa, alama ndogo ya Ong'ayo, mashine iliiona kuwa ndio mwisho wa jina. Swali likakatika katikati, hifadhidata ikalikataa, haikurudisha kitu. Hilo ni kosa, lakini kosa la namna hiyo humpata kila mtu. Lisilosameheka ni lililofuata. Skripti yake ilikuwa na njia mbili tu: kama kuna mistari ya habari iliyorudi, onyesha dawa, la sivyo, andika hana mzio. La sivyo! Ndani ya hayo maneno mawili alisukuma kila kitu. Swali likikataliwa, hana. Mtandao ukikatika, hana. Nesi akikosea herufi, hana. Mtu akiwa hajulikani kabisa pale hospitalini, hana. Kimya chote kiligeuzwa kuwa habari njema, na wahenga walikwisha kusema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Bwana Okeyo alimsindikiza Sista Auma hadi ngazini kwa pole nyingi. "Tutaangalia, Mama. Tutashughulikia." Aliporudi alifunga mlango.

"Felix, rekebisha sasa hivi. Na hii maneno isitoke hapa."

"Na Sista je?" niliuliza.

"Sista ana hospitali yake. Sisi tuna ofisi yetu."

Felix akaanza kurekebisha, na hakuwa mtu wa kuchelewa. Lakini kabla hajafika mbali nilinakili skripti ya zamani nikaiweka kwenye flashi yangu. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimekasirika tu, na nilijua kwamba kitu kikishafutwa, mkosaji huwa hana tena kumbukumbu.

Wiki iliyofuata hospitali iliitisha kikao cha kumjadili Sista Auma, ikaomba mtu wa kuonyesha jinsi ukurasa unavyofanya kazi. Bwana Okeyo akanituma mimi. Nadhani alinichagua kwa sababu nilikuwa mdogo na mkimya. "Onyesha tu," aliniambia. "Ukiulizwa, jibu. Usiongeze."

Daktari mwenyekiti alikuwa mzee mpole mwenye sauti ndogo. Aliniomba niandike jina la mtoto. Nikaandika. Ukurasa ukajibu kwa herufi nyekundu: *Mzio: penisilini.* Safi kabisa, kana kwamba haujawahi kusema neno lingine tangu uumbwe.

Daktari alivua miwani. "Sista Auma," alisema kwa masikitiko, "sasa unaona. Habari ilikuwa hapa."

Naye Sista Auma, ambaye siku ile ofisini alikuwa moto, alikaa akiangalia ile skrini. Niliona uso wake ukianza kujishuku. Ndipo nikaelewa tulichokifanya. Marekebisho yetu yalikuwa yamemgeuza mwongo. Tulikuwa tumesafisha nyumba yetu kwa nguo yake, na mwenyewe alikuwa anaanza kuamini kwamba labda alisoma vibaya, kwamba labda hakubonyeza, kwamba labda ni kweli alikuwa mzembe.

Mwanangu, sikuwa shujaa. Miguu ilikuwa inatetemeka. Lakini hasira ilinishika mpaka woga ukakosa pa kukaa.

"Daktari," nikasema, "huu si ukurasa aliousoma Sista. Huu umerekebishwa baada ya mtoto kudungwa. Ule aliousoma ninao hapa."

Kulikuwa na minong'ono. Nikachomeka flashi, nikarudisha skripti ya zamani mahali pake mbele ya macho yao, nikaandika jina la mtoto. Herufi za kijani zikatokea. *Mgonjwa hana mzio wa dawa yoyote.*

Daktari alisogeza kiti chake karibu. "Na nikiandika jina la mtu ambaye hayuko kabisa?"

"Itasema hana, Daktari."

"Na intaneti ikikatika?"

"Itasema hana."

"Basi hii mashine inasema hana kwa kila kitu isichokijua." Hapo ile sauti yake ndogo ikawa kubwa mpaka karani aliyekuwa mlangoni akashtuka. "Na mmeiweka mikononi mwa manesi wangu!"

Ukurasa ulifungwa siku hiyohiyo. Sista Auma alirudishwa kazini. Bwana Okeyo alinipigia simu kabla sijavuka geti la hospitali. Alikuwa ameshapata habari, akaniambia vitu vyangu vitakuwa kwa askari mlinzi wa chini, nisipande juu. Mficha maradhi kilio humfichua, naye kilio chake kilikuwa kimeanza: hospitali haikumpa kazi tena, na wengine waliposikia wakajiondoa.

Nilimkuta Sista Auma nje, akisubiri gari la kurudi kwao. Nilidhani atanishukuru. Nilikuwa hata nimeshatengeneza uso wa kupokea shukrani. Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Usifikiri umenisaidia," alisema. "Umefanya kazi yako, basi. Ungeifanya mapema, huyo mtoto hangekaribia kifo." Kisha akalainika kidogo. "Sikia, nyathina, mtoto wangu. Mimi niko na miaka mingi kwa hii kazi. Mgonjwa akiniuliza kitu sijui, nasema sijui, natafuta mwenye anajua. Sioni haya. Kwa nini hiyo mashine yenu inaona haya? Ifundisheni kusema sijui. Hiyo tu."

Akapanda gari akaenda zake. Akoth alikua vizuri, ingawa niliambiwa kwamba kwa muda mrefu alikuwa akikimbilia nyuma ya nyanyake kila aonapo sare ya nesi. Felix alikwenda Nairobi, akapanda vyeo. Sijui kama aliwahi kuuliza habari za yule mtoto. Mimi hakuwahi kuniuliza.

Sasa unaelewa kwa nini nilimfukuza yule kijana juzi. Sikumfukuza kwa kukosea. Nilimwuliza, hapa mistari isiporudi unamwambia nini mtu? Akanijibu kwa raha zake, "Mama, tunaweka tu hakuna, user asisumbuke." Asisumbuke! Msumbue, mwanangu! Mtu aliyesumbuliwa atapiga simu, atauliza nyanya, atafungua kabati, atangoja. Mtu uliyemtuliza kwa uongo atadunga sindano.

Kwa hiyo shika neno langu. Ukiiuliza hifadhidata, kwanza hakikisha swali lenyewe limefika na limekubaliwa. Likikataliwa, sema wazi kwamba umeshindwa kuuliza, tena usilifiche kwa mtu anayengoja jibu. Likikubaliwa na mistari isirudi, usikimbilie kusema hakuna. Jiulize kwanza, mtu huyu nilimpata au sikumpata? Kama hukumpata, sema humjui. Neno "hana" ni zito. Liandike pale tu ulipomkuta mtu mwenyewe, ukafungua habari zake, ukakuta mtu mwingine ameandika kwa mkono wake kwamba alimpima na hana. Na jina la mtu usilibandike ndani ya swali kama kiraka. Lipitishe kando ya swali, mahali pake, liheshimiwe pamoja na alama zake zote, maana ni jina alilopewa na wazazi wake, si uchafu wa kuvunja programu yako. Na kabla hujakabidhi kazi, andika neno mbuzi uone mashine yako itasema nini.

Tena ukikosea, na utakosea, usirekebishe kimyakimya huku mwingine akibeba mzigo wako. Rekebisha, kisha usimame useme nilikosea mimi.

Nenda sasa, nimesema mengi na kifua kimeniwaka. Mungu akupe macho ya kutofautisha ukimya na jibu. Akupe wakubwa wasiokuamuru kuficha, na wakikuamuru, akupe miguu ya kusimama ingawa inatetemeka. Kazi ya mikono yako isimlaze mtoto wa mtu kitandani, na siku usipojua, ulimi wako usione haya. Amina.