Tuta Lililonyimwa Mbolea

Mtaa mzima ulimwita Mama Mapokezi, maana nusu ya wakazi wake walitua duniani mikononi mwake. Alikuwa mkunga mstaafu, mwenye sauti ya kuamrisha, na hakuwa mtu wa kubabaishwa. Kwa hiyo aliposikia kwamba mganga mkuu wa zahanati anataka kuumwagia saruji uwanja wa nyuma ili magari yapate pa kuegeshwa, alivaa viatu akamfuata ofisini.

"Daktari, ule uwanja ndipo wanapotembea kina mama wenye uchungu," alisema kabla hata ya kukaa. "Ukiweka magari, watazunguka wapi?"

"Mama, pale ni vumbi na makopo matupu. Ingekuwa bustani, ningekuwa na la kuwaambia wakubwa wangu."

"Basi itakuwa bustani."

Alitoka kifua mbele, ingawa maisha yake yote hakuwahi kuotesha hata kitunguu. Mtu aliyewageuza watoto waliokaa vibaya tumboni atashindwaje na maua? Alimwita binti wa kaka yake, bibi shamba, ambaye alisugua udongo kwenye vidole akatikisa kichwa. Udongo ulikuwa umechoka.

"Shangazi, tusibahatishe," alisema. "Tupande zinia, zinachanua upesi. Matuta manne. La kwanza tuliwekee samadi ya kuku, la pili mboji, la tatu mbolea ya dukani ya kukuzia. La nne tusiliwekee kitu."

"Limekosa nini?"

"Halijakosa. Bila hilo hatutajua ipi kazi ya mbolea na ipi kazi ya udongo."

Mama Mapokezi aliitikia kwa mdomo tu.

Haukupita muda, kila tuta likaonyesha tabia yake. Samadi aliimwaga ingali mbichi, kwa haraka zake, ikaunguza mizizi na miche ikajikunja. La dukani lilinawiri majani mpaka kiunoni, lakini tumba halikuonekana hata moja. "Huyu anakula tu, hazai," alilisema. La mboji lilikwenda taratibu likashika matumba. Lile la nne lilidhoofu, rangi imelitoka, naye hakuweza kupita bila kulitazama. Alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Akawa anapitia pale peke yake na majivu ya jiko na maganda ya ndizi yaliyooza, anafukia kwenye mashina huku akiangalia nyuma kama mwizi wa kuku.

Mganga mkuu alipokuja kukagua, tuta la nne ndilo lililochanua kuliko yote.

"Hili mmeliwekea nini?" aliuliza.

"Hatukuliwekea kitu," bibi shamba alijibu, "na sielewi."

Mama Mapokezi angeweza kunyamaza. Alijua hatima ya uwanja iko kwenye jibu lake.

"Nimelilisha mimi," alisema. "Vichanga vitatu vishibe, cha nne kilale njaa mbele ya macho yangu? Siwezi, na sioni haya."

"Shangazi, umeliharibu jaribio lote."

"Nimeliharibu. Turudie."

"Kwa hiyo hatujui mbolea ipi inafaa hapa," mganga mkuu alisema, "na mimi fundi wa saruji ananisubiri."

"Nipe msimu mmoja, Daktari. Hilo la nne ulilinde wewe mwenyewe, nisiliguse. Wewe moyo wako mgumu. Si ulitaka kuwanyang'anya wajawazito uwanja?"

Mganga mkuu alicheka bila kupenda. Akampa msimu mmoja, basi, na fundi akaambiwa angoje.

Safari hii samadi iliachwa ioze kwanza, na Mama Mapokezi hakulikaribia tuta la nne. Mboji ikaongoza tena, samadi ikiifuata kwa karibu. Asubuhi moja alimkuta mama mwenye uchungu ameegemea ukuta, akamshika mkono, wakaanza kuzunguka bustani polepole. Walipokata kona walimwona mganga mkuu amechuchumaa kwenye tuta la nne, mikono ya koti jeupe imekunjwa, anafukia mboji kwenye shina la mche mwembamba. Aliinuka haraka, akaficha mikono nyuma.

"Mche ulikuwa unasinyaa," alisema.

Mama Mapokezi hakumcheka. Alimgeukia yule mama akamkaza mkono.

"Pumua, mwanangu," alimwambia. "Tuzunguke tena. Uwanja ni wetu."