Nilijifunza gerund ili mahari ya mdogo wangu ishuke, ikapanda

Wakuu, habari za jioni popote mlipo.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala "jamaa mmoja". Atakayesema ni chai, sukari ataleta yeye.

Niko Tarime mjini, Turwa. Kazi yangu ni udalali wa ng'ombe minadani. Mwenye ng'ombe anataka bei ipande, mnunuzi anataka ishuke, mimi nasimama katikati naapa kwa pande zote mbili. Kazi hii ukihesabu mara moja umeliwa. Mimi nahesabu mara mbili, na ile ya pili naanzia mwisho.

Nyumbani kwetu ni Nyanungu. Mzee alishatangulia, amebaki mama na mdogo wangu Marwa.

Sasa Marwa akampata binti, Ghati. Wanapendana kweli, hapo sina ubishi.

Tukakaa sisi watatu tukakubaliana: mahari mwisho ng'ombe kumi. Ikizidi hapo tunagusa wale wa maziwa, na mama anaishi kwa yale maziwa. Anakunywa, anauza, ananunulia dawa ya presha. Kwa hiyo kumi. Siyo kumi na kitu.

Tatizo likawa msemaji wa upande wa binti.

Huyu ni baba yake mkubwa Ghati, tumwite Mzee Magige, anakaa Isebania, hapo ukivuka tu mpaka wa Sirari. Alifundisha shule Kenya mpaka akastaafu. Habari zake tulizipata mapema: salamu anatoa kwa Kikurya, hadithi kwa Kiswahili, lakini ikifika bei anahamia Kiingereza.

Washenga waliomposa dada yake Ghati walikuwa wanaitikia "yes" kila mzee akivuta pumzi. Waliondoka pale na yes kumi na nane, zote zina mikia.

Nikasema mimi ni dalali, siwezi kupigwa bei kwa lugha nisiyoielewa.

Shida ni kwamba Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na hata huko kilikuwa kinakaa mlangoni.

Nikamfuata jirani yangu Madam Bhoke, anafundisha English sekondari.

"Kaka, yaani unataka Kiingereza chote kwa wiki sita?"

"Si chote. Nipimie cha kutosha mahari."

"Hakipimwi. Chagua topic moja."

"Nichagulie wewe. Ile ambayo mtu akiisikia anajua huyu hachezewi."

Akafikiri kidogo. "Basi chukua gerund. Hapo hata wenye degree wanateleza. Ukiipatia, kila mtu ataona umesoma."

Nikaona nimepata bidhaa.

Kwa wasiojua: gerund ni kitendo kilichovalishwa -ing kikawa jina. Kuna vitenzi vya Kiingereza ambavyo kitendo kinachofuata lazima kivae hiyo -ing. Enjoy, avoid, finish, mind, deny, suggest. Husemi "I enjoy to talk", unasema "I enjoy talking".

Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndivyo ilivyo. Nikamwambia mnadani hakuna ndivyo ilivyo. Akasema darasani ipo, nikae.

Halafu prepositions: in, of, at, before, without. Kitendo kikikaa nyuma yake, -ing tena. Interested in marrying. Before counting. Without paying. Hii ya mwisho niliielewa haraka kuliko zote.

Iliyonitoa jasho ni "look forward to". Nimeona "to", nikajua inakuja "to see". Madam akasema hapana, hiyo "to" ni preposition, ni "to seeing". Nikamwambia kwetu ng'ombe mwenye alama ya zizi jingine polisi wanamtafuta. Akanifukuza siku hiyo.

Vipo pia vitenzi vya upande wa pili, vinavyotaka "to" ya kawaida: want, decide, agree. Agree tuliiruka. Sikuwa na mpango wa kuitumia.

Wiki sita nikawa nafanyia mazoezi mnadani. Mtu anataja bei, namwambia, "I don't mind waiting." Wengine waliogopa wakaongeza. Nikazidi kuamini.

Siku ikafika.

Kwetu wenye binti huja kuliona zizi kabla ya kufunga bei. Na sisi wenye zizi tunajua namna ya kuonwa. Ng'ombe wa maziwa tukawapeleka kwa jirani, maana anayeonekana anaombwa. Pikipiki ya Marwa ikaenda kwa shemeji. Sola ikashuka kutoka juu ya bati. Mama akajifunga kitenge kilichochoka. Mimi nikavaa koti la marehemu mzee, viwiko viko nje vinasalimia watu.

Nikalizunguka boma mara mbili. Tulikuwa tumefikia ule umaskini wa heshima. Si wa kukataliwa, ila wa kuhurumiwa.

Wakaja: Mzee Magige, wazee wengine wawili na shangazi yake Ghati. Shikamoo zikapita, ugali ukapita, nyama ikapita. Tukaingia zizini. Mzee Magige akatazama ng'ombe, akatazama koti langu, akaguna.

Tuliporudi kukaa, akapanga vijiti chini. Kila kijiti ng'ombe mmoja. Akaweka kumi na viwili.

Wakuu, mtu wa yes kumi na nane anaanzia kumi na mbili! Nikajua jua halizami kabla hatujafunga tisa. Nilitakiwa kukaa kimya tu na viwiko vyangu.

Ndipo akageukia Kiingereza: "So, are you people serious?"

Nikakohoa. Nikasimama kabisa.

"We are interested in marrying your daughter. We avoid wasting your time. I look forward to hearing your last price."

Mama aliniangalia kama nimesimama juu ya paa. Marwa alitabasamu, masikini, akadhani tumeshinda.

Mzee Magige akavua miwani. Akawageukia wenzake. "Mmesikia hii? Look forward to hearing! Mimi nimefanya kazi na walimu wakikosea hiyo mpaka wakastaafu. Huyu kijana amesoma. Amesoma sana."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa msomi.

"Na mtu wa Kiingereza kama hii," akaendelea, "hawezi kukosa mshahara. Sasa hii koti ni ya nini? Mnatuchezea?"

Akaongeza vijiti vinne. Kumi na sita.

Shangazi naye akadakia: "Muulize na ng'ombe wengine wamelala wapi. Mbona kinyesi ni kingi kuliko ng'ombe?"

Nikajibu haraka: "I deny hiding anything."

Gerund safi kabisa, haina hata vumbi. Akaongeza kijiti cha kumi na saba.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tulificha pikipiki, sola na maziwa. Kitu cha thamani kuliko vyote nikakitoa mwenyewe, nikakisimamisha katikati ya watu.

Marwa tabasamu lilikwisha. Mama alikuwa anaviangalia vile vijiti bila kupepesa, na nilijua anahesabu vipi. Kuanzia cha kumi na moja, kila kimoja alikuwa anakijua kwa jina na kwa chuchu.

Nikaona bora aibu.

"Mzee," nikasema kwa Kiswahili, "mimi ni dalali wa mnadani. Mshahara sina. Hicho Kiingereza nimekisoma wiki sita kwa sababu yako. Nina sentensi hizo tu, nimezimaliza."

Wakacheka. Mzee Magige akatikisa kichwa. "Dalali gani atasema ana pesa?"

"Basi niulize kitu kingine chochote."

Akaniangalia sana. "Okay. How did your father die?"

Nilishika father, nikashika die. Mzee wetu aliugua kifua muda mrefu, na usiku wa mwisho mama ndiye aliyemshika mgongo. Kwa Kikurya ningeongea mpaka jua lizame. Kwa Kiingereza nilitafuta kila mfuko nikakuta kitenzi kimoja, stop.

"He stopped breathing."

Mzee Magige akasubiri niendelee.

"Kila mtu anakufa hivyo, kijana yangu," akasema.

Shangazi akataka kujua nimesema nini. Akatafsiriwa. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akakumbuka ni habari ya marehemu, akaziba mdomo na khanga.

Mama naye akauliza. Akatafsiriwa.

"Sasa mnacheka nini?" akasema taratibu. "Si ndivyo ilivyokuwa? Mimi nilikuwepo. Aliacha tu kupumua."

Mzee Magige akainama, akaanza kuokota vijiti. Kimoja, kingine. Hakusema Kiingereza tena siku ile. Vilipobaki kumi na kimoja akasimamisha mkono.

"Mama, maziwa yako hatuyagusi," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini hii moja inabaki. Na itoke kwako, si kwa mama. Ni ya hiyo koti."

Nilijaribu kubishana. Kazi ni kazi. Nikasema nusu ng'ombe. Shangazi akaniuliza nusu ipi, ya mbele au ya nyuma.

Kwa hiyo ng'ombe kumi wa familia, na wa kumi na moja ni mtamba wangu niliyekuwa nimemlaza kwa rafiki yangu kule Kemambo, namsubiri anizalie. Alivuka Sirari wiki iliyofuata. Ghati yuko kwetu, Marwa amenenepa, mama anakamua asubuhi na jioni.

Madam Bhoke ananiambia sasa tuingie infinitive. Nimemuuliza ni ng'ombe wangapi.

Nilichojifunza: mwenye mali hakupandishii bei kwa kuangalia zizi lako peke yake. Anaangalia na mdomo. Ukienda kununua kitu, hata usomi ni pikipiki, iache kwa shemeji. Na ukibanwa, sema ukweli mapema, vijiti vikiwa bado vichache.

Waliooa ng'ambo ya Sirari, au waliowahi kukutana na mzee wa aina hii, wekeni hapa mlitokaje. Wenye la kunirekebisha kwenye grammar mnakaribishwa. Matusi napokea kwa Kiswahili tu.