Maharagwe Ndani ya Pamba

Leo asubuhi mgeni wa kujitolea ameingia darasani ninakofundisha akinukia mafuta ya kujikinga na jua, nami nikachoka hata kabla hajasema neno.

Ni harufu ile ile ya utotoni, shuleni kwetu Kakuyuni. Kila muhula tuliletewa mwanafunzi wa ualimu kutoka ng'ambo, na kila mmoja alikuja na gilasi, pamba na maharagwe, atuonyeshe jinsi mbegu inavyoota. Tulitazama tu, na viganja vyetu vina sugu za jembe.

Wa tatu alipoanza kulowesha pamba, nilisimama nikasema, "Mwalimu, hili tunalijua. Hata nyumbani tunapanda."

Mkono wake ukasita juu ya gilasi. Uso ukamwiva, akatoka nje, asirudi hadi kengele ya chakula.

Mwalimu wetu hakunichapa. Aliniita kando, akaketi juu ya tofali kama mtu aliyeshinda shambani. "Mwanangu, huyu katoka kwao mbali, kaja na kitu kimoja tu. Ungepungukiwa na nini kama ungeshangaa?"

Muhula uliofuata nilishangaa kuliko wote. Hata makofi nilipiga.

Leo mgeni ameweka gilasi mezani, akatoa pamba mkobani. Nikageuka niwakonyeze wanafunzi wangu washangae. Sijawahi kuwafundisha hilo, lakini darasa zima lilikuwa limeshaachama vinywa, likingoja mbegu.