Mpeku Hakagui Amana

Veturia hakuwahi kupewa cha bure kikamwacha salama. Kiwanda cha nguo cha Brăila kilipokuwa kinauzwa, mafundi wote waligawiwa hisa, wakaambiwa haya, sasa ninyi ndio wenye mali. Mwaka haukuisha, lango likatiwa kufuli, na zile karatasi akazitandika ndani ya kabati la vyombo. Basi Jumanne ile asubuhi, alipofungua kompyuta akakuta tangazo la "Zawadi kwa wachezaji wetu wasiolipa", aliweka chini mwiko wa zakuska, ile rojo ya biringanya na pilipili aliyokuwa akiipika, akavaa miwani.

"Ehe," akasema peke yake. "Wameanza lini kutupenda hawa?"

Mchezo wenyewe uliitwa Nchi ya Chumvi. Waliolipa ada kila mwezi walipanda farasi. Wasiolipa walitembea kwa miguu kutoka pwani hadi kwenye theluji, ndiyo maana wakajiita wapeku, na jina hilo wakalivaa kwa maringo. Shida yao kubwa ilikuwa sanduku. Mpeku asipofungua sanduku lake siku thelathini, lilifutwa, likabaki tupu. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao: ukisafiri au ukiugua, unamwachia mwenzio vitu vyako. Unaviweka chini darajani, yeye anaviokota. Siku ya kurudisha ni hivyo hivyo, na mwenyewe huvichukua bila kuvikagua. Kukagua amana mbele ya aliyekutunzia ni kumwita mwizi. Halikuandikwa popote hilo, na hapakuwa na mpeku asiyelijua.

Miaka minne nyuma, mumewe Ilie alipolazwa, alimwachia Anghel joho alilolishona mwenyewe mchezoni. Anghel alikuwa mfuga nyuki wa Caransebeș, wamecheza pamoja miaka tisa bila kuonana uso kwa uso. Ilie hakutoka hospitali. Joho likabaki kwa Anghel, maana sanduku la Veturia lilikuwa limejaa vitu vya Anghel mwenyewe, ambaye kila mara alikuwa huko milimani na mizinga yake, ila kwa ajili ya joho hakukosa kushuka kufungua sanduku lake kabla ya siku thelathini. Ndani ya joho, ukilifunua, palikuwa na maandishi: Limeshonwa na Ilie kwa ajili ya Vetuța, jina ambalo Ilie peke yake alimwita mkewe. Vingine vyote vya Ilie mchezoni vilishafutwa.

Tangazo lilikuwa tamu kweli. Masanduku hayatafutwa tena. Farasi bure. Soko wazi kwa wote. Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: ili kukomesha wizi, kuanzia Alhamisi saa sita mchana kila kitu kitakuwa mali ya mtu ambaye kimo sandukuni mwake, wala hakitahamishika tena.

"Nilijua!" Veturia akapiga meza. "Nilijua kuna wembe ndani ya mkate!"

Akamwandikia Anghel palepale: "Shemeji, umesoma? Nirudishie joho kabla ya Alhamisi." Kimya. Akaandika tena. Kimya.

Jumatano akaja jirani yake Ofelia, kuonja zakuska, na kuonja mambo ya watu pia.

"Shoga, huyo mtu unamjua?"

"Miaka tisa sasa."

"Sijakuuliza miaka. Uso wake umeuona?"

"Sijauona."

"Basi kwisha habari. Anangoja saa sita ya kesho, halafu utamsikia redioni. Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

"Kula unyamaze," Veturia akamwambia. Lakini maneno yalishaingia. Shaka ikiingia moyoni haikosi cha kutafuna. Mbona Anghel alilisifia sana joho lile? Mbona mwaka jana alisema liache tu, limekaa vizuri hapa? Ofelia alipoondoka, Veturia akaandika kwenye ubao wa wapeku, mbele ya kila mtu: "Anghel wa Caransebeș ana joho la marehemu mume wangu, na amenyamaza. Jihadharini naye."

Alhamisi, saa tano na nusu, Anghel akatokea darajani.

"Nilikuwa nafunga mizinga kwa ajili ya baridi, shemeji. Kule juu hakuna mtandao. Nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Ubao nao nimeusoma."

"Joho liko wapi?"

Akaliweka chini. Veturia akaliokota, na hapo hapo akapiga magoti. Katika mchezo ule, mtu anayekagua kitu hupiga magoti, na kila aliyepo humwona. Akalifunua. Maandishi yalikuwepo, herufi kwa herufi. Alilia pale mezani, mama wa watu, kwa furaha na kwa aibu.

Alipoinua macho, Anghel alikuwa bado amesimama.

"Umeridhika?"

"Nisamehe, shemeji. Nilitaka tu kuona... Ngoja, vitu vyako! Upinde wako, na taa! Nakuwekea sasa hivi."

"Baki navyo."

"Saa sita inafika, Anghel! Vitakuwa vyangu!"

"Najua. Ilie alinipa joho lile, nikalitunza miaka minne. Sikulifunua hata siku moja. Mpaka leo sijui lina nini ndani."

Akatoweka.

Veturia alitandaza vitu vyote vya Anghel darajani, kimoja kimoja, na joho akalitia sandukuni palipobaki wazi. "Rudi!" akaandika. "Rudi, nakuomba, navilinda mimi!" Akalifuta lile tangazo ubaoni, akaandika jingine la kuomba radhi, akasimama. Wapeku walipita, wakamwona, wakaendelea na safari zao bila salamu.

Saa sita kengele ikalia. Vitu vikainuka vyenyewe vikarudi sandukuni mwake. Hongera, likasema tangazo, sasa vitu hivi ni mali yako halali. Na farasi akaletwa, mweupe, ana tandiko jipya.

Farasi huyo hajampanda mpaka leo. Kila asubuhi Veturia hufungua sanduku, akaangalia kama upinde upo, kama taa ipo, kisha hulifunga. Hajafunua hata kimoja.