Herufi Moja Kwenye Laini ya Bi Shizue

Siku ya saba tangu mtoto azaliwe ilikuwa kesho, na Bi Shizue Kuramochi alikuwa bado hajajua jina la mjukuu wake linaandikwaje.

Sauti ya jina alikuwa nayo. Binti yake Natsuyo alijifungulia Chile, karibu na lile jangwa ambako mumewe anatazama nyota kwa darubini, akapiga simu mara moja tu, laini inakwaruza kama mtu anaparua sufuria: "Sae, mama! Anaitwa Sae! Maandishi yake tutakutumia kwa kompyu..." Ikakatika. Sasa, Sae ina maandishi hata kumi, kila moja na maana yake. Ukikosea, umemwita mtoto mwingine kabisa. Na karatasi ya jina hubandikwa ukutani siku ya saba, kwa brashi na wino. Majina ya watoto wa mtaa mzima pale mjini Himi yaliandikwa kwa mkono wa Bi Shizue. Ashindwe na wa kwake?

Anwani ya barua pepe alikuwa nayo tangu Desemba, ila haikuwahi kumletea kitu. Kompyuta kuukuu ya Natsuyo ilikaa juu ya meza ya kupashia miguu joto, na jirani wa Bi Shizue, Mwalimu Inokuchi, mstaafu wa somo la hesabu, alikuwa ameitia programu ya Linux kutoka kwenye diski iliyokuja na gazeti. Siku ya tatu hii anabofya, chai inapoa.

Modemu, kile kisanduku cha kuipigia simu kompyuta nyingine, ikaimba, ti-ti-ta-ti, kisha ikakata tamaa.

"Mashine ya upande wa pili imelala," Mwalimu akasema.

"Hebu rudia." Bi Shizue akasogeza sikio. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye swichibodi ya simu, vifaa masikioni, akiunganisha mji huu na dunia. Asichokijua kuhusu mlio wa simu hakikuwepo. Modemu ikaimba tena. Nyuma ya wimbo, ule mlio wa laini tupu, tuuuu, ukaendelea vilevile.

"Umesikia? Mlio haujakatika. Namba ikisikika kituoni, hukatika kwa tarakimu ya kwanza tu. Huko hawajasikia kitu! Laini yangu ni ya zamani, Mwalimu, haijui nyimbo. Inajua kugongwa, ka-ka-ka, kama simu yangu ya kuzungusha."

"Bi Shizue, nimesoma kitabu kizima cha haya mambo."

"Kitabu umesoma. Waya umeushika lini?"

Masikio ya Mwalimu yakawa mekundu. Akafungua faili la maelekezo, akatafuta kwa kidole mpaka akaiona herufi T, ile ya nyimbo, mbele ya namba. Akaifuta, akaweka P, ya kugonga. Herufi moja tu.

Ka-ka-ka-ka, ikagonga modemu. Tuuuu ikakatika. Kisha kule mbali kitu kikapiga mluzi, na hiki cha hapa kikajibu, vikapanda na kushuka, vikaunguruma pamoja, halafu kimya, taa zikiwaka.

Bi Shizue alikuwa amesimama bila kujua. Zamani simu ya ng'ambo iliwekwa miadi asubuhi, na wasichana wanne walipokezana kuisukuma, kila mmoja akimwita wa mbele yake kwa jina. Leo mashine zimeitana zenyewe, kwenye waya uleule wa shaba. Akaugusa kwa kidole. Ulikuwa wa baridi, kama siku zote.

"Imeingia! Barua moja!" Mwalimu akapaza sauti.

Kioo kikajaa takataka: $B$3$s$K$A$O(B, mstari baada ya mstari.

"Dola, dola, dola! Mkwe kaniletea barua au bei ya samaki?"

"Tulia, mama wa watu. Haya ni maandishi yetu. Kuna alama moja isiyoonekana, ndiyo hufungua mlango wa kila fungu. Mashine fulani njiani imeila."

"Basi irudishe."

"Narudisha." Safari hii Mwalimu hakutazama kitabu. Akaandika amri fupi, akabonyeza.

Dola zikageuka. *Habari za mchana, mama.* Na chini, peke yake kwenye mstari, Sae: alama ile ya ung'avu wa anga la baridi, nyota zinapokuwa kama zimeoshwa. Kila mpigo wake mahali pake, na ilikuwa imevuka bahari nzima ikiwa imevunjwavunjwa kuwa dola.

Bi Shizue akasaga wino. Akatandaza karatasi, akashika brashi, akaiweka chini tena.

"Mbona huandiki? Jina si hilo?"

"Ndilo. Nahesabu mipigo yake kwanza, Mwalimu. Huyu ni wa kwangu."

Kisha akaichukua brashi, akaandika kwa pumzi moja.