Rejeta ya Shemeji

Mimi ni mtu wa kushuku, nakiri. Mume wa mdogo wangu alipotuletea nyumbani, kijijini Mkiwa, rejeta kuukuu ya lori, ile ya kupozea maji ya injini, swali langu la kwanza lilikuwa imetoka wapi.

"Gereji," alijibu, bila kunitazama.

Mama alikuwa akipika gongo tangu nikiwa mtoto, kwa mtambo uleule: pipa mekoni, mrija wa shaba, na karai la maji ya kupoza mvuke. Kiangazi maji ni shida. Maji ya karai yalikuwa yanachemka, na nusu ya pombe ikiishia hewani. Shemeji akasema rejeta ingepoza kwa upepo tu.

"Ina harufu tamutamu ya dawa ya injini," nilimwambia. "Na hizi lehemu za viungo ni madini ya risasi tupu, sumu. Mama atapofuka."

"Nimeiosha mara tatu. Wewe shemeji unashuku hata mvua."

Akaifunga kwenye mtambo. Kesho yake nilikwenda kisimani, na niliporudi mchana pombe ilikuwa inatiririka kuliko nilivyowahi kuiona. Mama alikuwa amekaa karibu na moto. Roho yangu ilikataa kabisa.

Kwetu mpishi huonja kwanza mbele ya wateja, ndipo nao wanywe. Mama hajawahi kuliruka hilo. Kabla hajanyoosha mkono, nikakinga kikombe, nikampa shemeji. "Mpishi leo ni wewe. Onja."

Akainamisha macho. "Siwezi kunywa mbele ya mama mkwe. Adabu gani hiyo?"

Alisema kweli, na ndiyo maana nilichukia. "Basi nenda nyuma ya nyumba."

Akaenda. Akarudi na kikombe kitupu, anafuta midomo. "Safi," alisema. Nikazunguka kuangalia. Chini ya ukuta vumbi lilikuwa limelowa, duara la ukubwa wa sahani, linanuka gongo.

Nilirudi nimepandisha hasira, nikalipiga teke dumu la kukingia, pombe yote ikamwagika. Nilidhani nimemwokoa mama. Wala hakunigombeza. "Mwanangu," alisema taratibu, "mimi nimeonja tangu asubuhi, ulipokuwa kisimani. Ningewapaje watu kitu nisichokijua?"

Shemeji akaketi chini palepale, kikombe mkononi.

Siku tatu tulimchunga mama, tukimwonyesha vidole avihesabu. Alivihesabu vyote, akituona wajinga. Rejeta tuliitupa, mrija wa zamani ukarudi mahali pake, na kiangazi kile tulipata pombe kidogo.

Siku hizi macho ya mama yamepungua. Ni uzee, kila mtu ananiambia. Huenda. Ila akikaa uani kushona, uzi ukalikosa tundu la sindano mara ya pili, mara ya tatu, mimi humtazama shemeji. Naye husimama bila kuambiwa, akaipokea sindano kwa mikono miwili, akamtungia uzi mama mkwe.