Fundi Anayesikiliza Breki Kabla Mashine ya Unga Haijaamka

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mtaa wa Kawale, Lilongwe, Malawi. Gélase Cirhuza anapitisha kamba kwenye tundu la pete nzito ya chuma, anaining'iniza kwenye boriti, kisha anaigonga kwa spana. Anafumba macho. Sauti inatoka fupi na kufa papo hapo.

Anagonga upande wa pili. Vilevile.

"Hii iko na ufa," anasema, ingawa mwandishi hauoni hata kwa tochi. "Yenye iko nzima inaliaka murefu. Hii inalia kama sahani ya plastiki."

Nje, kando ya gari la bluu lililoinuliwa juu ya matofali, mwenye gari anasubiri. Anaitwa Limbani, muuza simu, na anachechemea mguu wa kulia. Pete hiyo ni ya breki zake, na aliahidiwa kuondoka na gari leo. Mguu huo nao ni kazi ya Gélase, na yeye mwenyewe hakatai.

Gélase, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alijifunza kukereza vyuma Bukavu, Kongo, kabla vita havijamfukuza. Alifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mwaka 2008. Mkewe, Jeannette, anashona nguo huko kambini, na Gélase huja mjini kwa kibali cha kutoka kambini, analala kwa ndugu wa kanisani na kurudi nyumbani Ijumaa. Mashine anayokerezea ni ya fundi mwenyeji anayemkodisha.

Vijana wa Lilongwe wanapenda magari ya mbio, na mengi huja yakiwa yameshafungwa breki kubwa na wamiliki wa kwanza. Raha hiyo hudumu mpaka diski ziishe. Jozi mpya kutoka nje hupita kwacha laki tatu, na husubiriwa miezi miwili. Gélase hutoza elfu sitini.

Siri yake ni kutotupa kilicho kizima. Diski hizo zina sehemu mbili: kofia ya katikati, na pete ya nje inayobanwa gari linaposimama. Kofia haifi upesi. Kinachoisha ni pete, naye hukata nyingine kutoka diski nene za pikapu kuukuu, kisha huikereza mpaka kipimo na kuifunga kwa bolti kwenye kofia ileile.

Lakini chuma kikuukuu kina siri zake pia.

Ijumaa moja ya mwaka 2011, kibali chake kilikuwa kinakwisha jioni. Alikuwa amemaliza pete za Limbani, na hapo jirani, mashine ya kusaga mahindi ilikuwa inanguruma kama kawaida yake ya mchana. Akaigonga pete ya mwisho, ngurumo ikaimeza sauti.

"Nilisikia kidogo kama haiko muzuri," anakumbuka. "Nikajiambia, ni kelele ya mashine tu. Nilikuwa nafikiria papier yangu, kile kibali. Nikamupa mutu gari yake."

Siku mbili baadaye, kwenye mteremko wa mtaa wa Area 25, Limbani alikanyaga breki na pete ikapasuka. Gari likaishia kwenye ukuta wa duka. Mguu ukavunjika sehemu mbili.

Watu kambini walimshauri Gélase anyamaze, maana mkimbizi anayekiri kosa anajitafutia pingu. Hakunyamaza. Alikwenda hospitali na vipande vya pete ndani ya mfuko.

"Nilimuambia, haiko chuma njo ilikosa. Ni mi."

Limbani aligeuza uso ukutani. Hawakusemezana tena kwa miaka mitano.

Tangu hapo Gélase haigongi pete mchana. Huisubiri alfajiri, kabla mashine ya jirani haijawashwa. Wenzake humtania kwamba ni daktari anayepima vifua vya vyuma. Hucheka nao, lakini saa yake haibadilishi.

Jumatatu wiki hii, Limbani alirudi. Mafundi wengine walikuwa wameshindwa kumpatia pete. Gélase alimpigia Jeannette simu, na hofu ikiwa wazi sautini.

"Umufanyie, Papa Bora," mkewe alimjibu, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Lakini usimufanyie kwa kuona haya. Fanya kama vile unafanyiaka bantu bote."

Sasa anatoka nje na pete mkononi. Anamweleza Limbani, kwa Kichewa chake cha kujikongoja, kwamba gari halitoki leo.

Limbani anakunja uso. Kesho kutwa dada yake anachumbiwa mjini Mzuzu, naye ndiye wa kumpeleka mama yao. "Nitaendesha taratibu, bambo," anasema, akimwita bwana. "Funga tu."

Gélase anatikisa kichwa. Kisha Limbani ananyoosha mkono, anaomba spana, na kuigonga pete mwenyewe. Anasikiliza.

"Ile siku ulisikia hivi?"

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Limbani anakaa juu ya tofali na kuunyoosha mguu wake.

"Leo umesema," anasema hatimaye. "Basi tafuta nyingine. Kesho nitakuja saa hii hii. Nataka kuisikia mwenyewe."

Gélase anaingia ndani haraka, na mwandishi anamkuta akijifuta macho kwa mkono wa ovaroli. Anazungumzia ndoto yake ili kubadili maneno: mashine ndogo ya kwake, karakana Dzaleka, na wanafunzi wachache. Somo la kwanza, anasema, halitakuwa kukereza.

"Nitabafundisha kwanza kusema 'hapana'. Kukereza ni mwepesi."

Jirani, mashine ya unga inaanza kunguruma. Gélase anachagua diski nyingine ya pikapu, anapima unene wake na kuifunga kwenye mashine ya kukereza. Jioni itakuwa pete. Hataigonga. Kazi hiyo ni ya kesho alfajiri, na safari hii watasikiliza watu wawili.